Mshika Fedha Hapokei

Siku moja tulisimama Al Qabil kununua maji. Tulikuwa tunatoka Sur kupeleka fedha za mgonjwa, jua limetukaa utosini, na mimi koo limenikauka kiasi cha kushindwa hata kulalamika, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Nikanunua chupa mbili, nikampa mzee niliyefuatana naye yake. Akaipokea, akaipindua pindua, akauliza, "Risiti iko wapi?" Nikamwambia, Ami, ni baisa mia mbili, haifiki hata robo ya riali, na nimetoa mfukoni mwangu. Akasema, "Basi andika kwamba umetoa mfukoni mwako." Nikaandika, juu ya boneti ya gari iliyokuwa ikichoma. Nilipomaliza ndipo akafungua chupa yake, akanywa, akasema maji ya baridi, mashaallah.

Huyo ndiye Mshika Fedha wetu. Jina lake alikuwa nalo, na zuri, lakini halikutumika. Watoto walidhani ndivyo alivyozaliwa. Hata kadi za harusi zilikuwa zikimfikia zimeandikwa "Mshika Fedha na familia," naye akizipanga dirishani kama vyeti.

Sanduku alilolishika ni la jamaa waliotoka Afrika wakaja kukaa huku Uarabuni, baina ya Ibra, Sur na Nizwa: sisi wa Unguja na Pemba, na wenzetu wa bara, wa Kenya, Burundi na Kongo. Kila nyumba hutoa kidogo kila mwezi. Akiugua mtu, akifiliwa mtu, mtoto akikosa nauli ya chuo, sanduku husimama naye. Mimi ni katibu. Kazi yangu ya mshahara ni kufundisha Kiingereza skuli ya wasichana hapa Ibra. Kazi yangu isiyo na mshahara, kwa zaidi ya miaka ishirini, ilikuwa kugombana na Mshika Fedha.

Yeye alikuwa mtu wa bara. Ujana wake aliufanyia kazi magharibi ya Kenya, karani wa hesabu katika shirika la hisani la Makweka la mkoa ule. Makweka ni Wakristo wasiokuwa na makelele. Wenyewe wanajiita Marafiki, na ibada yao ni kukaa kimya mpaka mtu apate la kusema. Shirika lao lilikuwa na skuli, zahanati na chemchem za maji zilizojengewa kwa saruji. Mshika Fedha alikwenda pale Muislamu, akasali sala zake tano kwenye chumba cha mafaili, akatoka Muislamu. Lakini katika mambo ya fedha, wallahi, walimsilimisha wao.

Alitoka kwao na mambo mawili. La kwanza, fedha iliyotolewa kwa kazi moja haigusi kazi nyengine hata nyumba ikiungua. Alikuwa na kisa chake: mwaka mmoja wafadhili wa ng'ambo walileta fedha za kuezeka skuli, na zahanati haina dawa hata ya homa. Fedha zipo, watu wanaziona. Marafiki hawakuzigusa. Walikaa kikao siku tatu, wakawaandikia wafadhili kuomba ruhusa, wakangoja jibu, ndipo dawa zikanunuliwa. Mara ya kwanza kunisimulia zilikuwa siku tatu. Baada ya miaka zikawa tano. Mara ya mwisho nilipokisikia kisa hicho, Marafiki walikuwa wamekaa wiki nzima na mvua inanyesha.

La pili, Marafiki hawapigi kura. Jambo likiletwa, watu wanakaa nalo kimya. Mwenye neno analisema mara moja, kwa upole, kisha kimya tena. Wakikubaliana wote, katibu anaandika pale pale, anasoma, wote wanasema ndiyo. Akibaki mmoja asiyeridhika, jambo halipiti. "Wengi wanaweza kukosea pamoja," alikuwa akituambia, "na wakikosea pamoja wanakosea kwa furaha sana."

Sasa mchukue mtu huyo umlete kwetu, sisi ambao watu watatu tukikaa sauti zinafika nyumba ya saba. Kikao cha kwanza alichotuwekea utaratibu wake kilikuwa kwenye sabla, ukumbi wa jamaa wa mtaa wetu, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwengine. Akasema, "Tukae kidogo." Tukakaa. Tumeinamisha vichwa, hakuna anayekohoa. Katikati ya kimya kile akaingia fundi magari mmoja wa Firq, mtu wa Unguja, amechelewa kwa sababu ya gari la mteja. Alipoona ukumbi mzima umeinama, uso ukamshuka. Akaanza kupita kwa kila mtu akimpa mkono na kusema, "Ahsana Allahu azaakum," maneno tunayopeana msibani. Watu kwa adabu wakajibu. Alipoketi akamnong'oneza jirani yake, "Nani, yakhi?" Jirani, aliyekuwa ameusiwa kimya, akaweka kidole mdomoni. Fundi akaona basi ni mtu mkubwa. Akaanza kulia.

Mimi niliyaona yote hayo, nikajifunika shela mdomoni nisicheke. Kikao kilipokwisha tukasikia gari nje. Fundi alikuwa ameshampelekea mkewe ujumbe kwa simu, na mkewe na majirani zake walikuwa wamekwishatia njiani sahani tatu za wali na nyama ya mbuzi kwa ajili ya wafiwa. Tukala sote, na vicheko juu. Mshika Fedha alikula kuliko wote. Halafu akanawa, akatoa daftari, akamwita fundi, akamuuliza nyama ile ilikuwa ya bei gani, aiandike kwenye safu ya sadaka.

Toka siku hiyo tukamwita Mkweka wa Ibra, na yeye akijibu kwamba Mkweka asingekula nyama ya msiba wa uongo.

Daftari lenyewe lilikuwa na safu mbili, moja ya zaka na moja ya sadaka, na baina yao mstari mwekundu alioupiga kwa rula. Sadaka hupewa yeyote mwenye shida. Zaka ina watu wake waliotajwa, na mwenye mali yake hahesabiwi humo, hata akilia. Kwa hiyo kila aliyeomba aliulizwa maswali matatu. Una nini? Unadaiwa nini? Nani anakula kwako? Maswali hayo aliyauliza chumbani, mlango umerudishwa, tukiwa yeye, mimi na muombaji tu. Kwenye kikao jina halikutajwa. Tulisema "mama mmoja wa Nizwa," "kijana mmoja wa Sur," ingawa Sur nzima ilimjua kijana yule kwa baba na kwa babu.

Niliwahi kumchukia kwa ajili ya mstari ule mwekundu. Mjane mmoja wa Al Qabil, kwao Burundi, mwanawe alianguka kutoka juu ya mtende akavunjika mgongo. Hospitali ikamrudisha nyumbani, akawa anahitaji kitanda maalumu cha kuinuka na kushuka. Ulikuwa mwezi wa Shawwal, safu ya zaka imeshiba, safu ya sadaka haina kitu. Yule mama alikuwa na shamba la mitende, tena la kutosha. Mitende haiuziki kwa wiki moja, lakini ni mali.

"Mama analia," nikamwambia.

"Nimemsikia. Nina macho na masikio."

"Basi?"

"Basi fedha ina mwenyewe, Mwalimu. Na mwenyewe si mimi wala si wewe."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii aliyemzidi umri. Kesho yake alfajiri akawasha gari lake, lile jeupe lililokuwa na mlango mmoja wa rangi nyengine, akaenda kutafuta sadaka. Siku tatu: Sur, kisha Ibra, kisha Nizwa. Hakuwa akiomba. Alikuwa akiingia nyumba ya mtu, anasalimu, anaeleza shida kwa maneno machache, kisha anasema, "Tukae kidogo," na anakaa. Anamwangalia mwenye nyumba kwa upole, na hasemi. Nani anaweza kuvumilia hivyo sebuleni kwake? Mfanyabiashara mmoja wa Sur alitoa mara mbili ya aliyokusudia ili mgeni aondoke kabla ya chakula cha mchana. Mshika Fedha alimwandikia risiti, akamshukuru, akabaki kwa chakula cha mchana.

Kitanda kilinunuliwa. Mimi nilimwomba radhi, akasema hakumbuki nimesema nini, na nilijua anakumbuka neno kwa neno.

Jumatano zilikuwa siku zake za mateso. Ibra tuna soko la wanawake siku hiyo, na mwanamume haingii. Wenzetu kadhaa wanauza humo, wanja, vitambaa, udi na mafuta ya nywele, na michango yao ya mwezi ilikuwa lazima ikusanywe pale pale kabla haijageuka kuwa bidhaa. Mshika Fedha alikuwa akikaa nje ya mlango juu ya kiti cha kukunja, risiti mapajani, na mimi naingia na kutoka. Bibi mmoja wa Kipemba, muuza udi, mdomo wake hauna mlango, alikuwa akinichelewesha kwa makusudi. Anatoa mchango wake wote kwa sarafu ndogo, anazihesabu moja moja, anakosea, anaanza upya.

"Huyo mzee wako bado yuko juani?" ananiuliza.

"Yuko, bibi."

"Haya. Ishirini na tano, khamsini... ala, nimepotea. Tuanze tena."

Na yeye kule nje anapaza sauti, "Mwambie nina kofia!"

"Mwambie kofia haifichi ubahili!"

Wateja wakicheka, na mimi napita na ujumbe kama posta. Nilisadiki kwa miaka mingi kwamba wale wawili hawapendani. Siku hizi sina hakika na lolote kuhusu wale wawili.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu ambaye hakuwahi kukosa baisa moja ya sanduku alikuwa mwizi asiye haya kwenye keram, mchezo wa kusukuma kete ubaoni. Akisukuma ubao kwa goti. Akificha kete nyekundu chini ya kiganja, na ukimshika anaiangalia kama aliyoletewa na majini. "Ya'ni imefikaje hapa?" Ukimwambia, Ami, wewe mshika fedha za zaka, unaiba kete, anakujibu kwamba kete haina mwenyewe. Nilimfumania mara ngapi sijui, na sikuwahi kumshinda.

Tena alikuwa na kiburi cha mwandiko. Tarakimu zake zilisimama wima, saba yake ina kijiti katikati, na baisa lazima ziwe na sifuri zake tatu hata kama hakuna kitu. Kwa vijana alikuwa mkali bila sababu. Mpwa wangu, aliyesoma mambo ya kompyuta, alitutengenezea jedwali zuri la hesabu, mtu anaingiza tarakimu na jumla inatoka yenyewe, kila mtu anaiona kwenye simu. Mshika Fedha akashika simu ile mbali na uso, akaisogeza karibu, akairudisha. "Nzuri sana," akasema. "Na ikikosea, tutamuuliza nani?" Akarudi kwenye daftari. Tukamcheka. Tulimcheka kwa mwaka mzima na zaidi, kwenye kikao na kwenye grupu la WhatsApp, picha za daftari na picha za ngamia, ati ni vya zama moja. Mimi ndiye niliyeanza ya ngamia.

Alipouza gari lake tukasema ubahili umempanda kichwani, sasa hataki hata kununua petroli.

Basi mwaka jana, kabla ya Ramadhani, nilichukua daftari kwenda nalo nyumbani kunakili hesabu za mwezi. Nikalifungua mezani, nikadhani kurasa zimemwagikiwa kitu. Mstari wa Sur ulikuwa umeandikwa juu ya mstari wa Nizwa. Tarakimu zimepandana. Mstari mwekundu umepita katikati ya jina la mtu. Nilicheka kwanza. Kisha nikatoa risiti zote, nikahesabu moja moja mpaka mgongo ukauma. Jumla zilikuwa sawa, mpaka baisa ya mwisho. Alikuwa amezifanya zote kichwani, akaandika bila kuona anapoandika. Nikaacha kucheka.

Wiki ile ile akaja binti yake kutoka Firq, mtoto wake wa pekee. Hakukaa vizuri kitini.

"Baba kaniapisha nisiseme," akaniambia. "Lakini nisiposema nitakuja kulaumiwa na Mungu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kaiva mno, na presha ya jicho imepanda. Serikalini wamempa miadi mpaka baada ya Idi kubwa. Daktari wa hospitali ya kulipia kasema wiki mbili, tatu. Ikipita hapo mshipa unakufa, na hauamki tena."

"Na fedha?"

"Nimeuza dhahabu yangu. Haikufika nusu. Mume wangu hana kazi tangu mwaka juzi." Akaangalia mlangoni. "Nikasema nije kwenye sanduku. Akaniambia nikija si mwanawe."

Nilijua kwa nini. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza, kwa mwandiko wake ule wa kiburi, kulikuwa na kanuni aliyoiandika mwenyewe, nasi tukaikubali: mshika fedha hapokei, wala mkewe, wala wanawe. Mkewe alifariki bila sanduku kumgusa, na mimi nilikuwepo.

Nikaenda kwake. Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Nilimkuta ameketi mlangoni, uso ameuelekeza barabarani.

"Nani kakwambia?" akaniuliza nilipomwamkia.

"Daftari."

"Jumla zina makosa?"

"Hazina."

"Basi?"

"Basi huoni, Ami."

Nikamwambia mambo ni mepesi: ajiuzulu leo, kesho aombe kama mtu mwengine, kanuni haijavunjwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekuja nchi hii nikaitwa mtu wa bara. Firq nilikuwa mtunza stoo, wakaniita Stoo. Sina shamba, sina cheo, sina mtoto wa kiume wa kunibeba jina. Mmeniita Mshika Fedha, nikawa mtu. Mkinitoa hapo nitakuwa nani? Niambie, wewe mwalimu."

Nikapandwa na hasira, nikaondoka bila kumuaga na nikaitisha kikao cha Ijumaa.

Walikuja wengi kuliko kawaida, wa Sur na wa Nizwa, na yule mjane wa Al Qabil alikodi gari. Nilieleza, kwa desturi, habari ya "mzee mmoja wa Ibra." Hakuna aliyehitaji jina. Mshika Fedha alikuwa ameketi mahali pake, daftari mapajani, na nilipomaliza akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi sikubali." Kwa utaratibu wake mwenyewe, mmoja asiyekubali alitosha. Jambo lilikuwa limekufa. Niliona binti yake ameinamisha kichwa.

Yule bibi muuza udi akajiweka sawa upande wa wanawake, akavuta shela yake, akasema, "Haya. Tukae kidogo."

Tukakaa. Nyinyi mlio wageni wetu hamjui jambo hilo lilitugharimu nini. Dakika kumi, ishirini. Kahawa ikapoa kwenye birika. Simu ya mtu ikalia, ikazimwa. Ilipoadhiniwa alasiri tukainuka, tukasali, na nikasema sasa watu watatawanyika, maana wa Sur wana safari ndefu. Wakarudi wote, kila mtu mahali pake, wakainamisha vichwa. Fundi wa Firq alikuwa analia tena, safari hii kwa sababu. Mshika Fedha aligeuza uso huku na huku, akitafuta pa kuuelekeza, na kila upande kulikuwa na watu wamekaa kimya kwa ajili yake.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka alipoguna. "Mna ukaidi nyinyi."

"Tumefunzwa," akajibu bibi.

Kisha akasema, "Mwalimu, andika. Kuanzia saa hii mshika fedha ni fundi wa Firq. Anajua kulisha watu, na analia haraka. Hiyo ni salama." Nikaandika, nikasoma, wote wakasema ndiyo isipokuwa fundi, aliyekuwa hawezi kusema kwa kulia, akaitikia kwa kichwa. Mzee akamkabidhi daftari. Mikono yake ilipobaki mitupu hakujua aiweke wapi.

"Sasa niulize," akaniambia.

"Tutaingia chumbani, Ami. Kama wengine."

"Hapa hapa. Mimi nimesikia ya nyumba zote zilizomo humu. Leo nyinyi sikieni ya kwangu."

Nilimuuliza. Una nini? Akataja pensheni yake, kwa riali na baisa. Akataja kitanda, jiko, saa ya mkononi isiyokwenda, na ubao wa keram. Fedha za gari zimeliwa na kodi ya nyumba. Unadaiwa nini? Akataja duka la mtaani na duka la dawa. Nani anakula kwako? Akasema binti yake na wanawe, kila mwisho wa mwezi, mshahara wa binti ukisha. Upande wa wanawake niliwasikia wakivuta pumzi. Miaka yote ile tulimwita bahili.

"Ni safu ya zaka, Ami," nikamwambia.

"Najua. Nilishapiga hesabu tangu Rajabu." Akafuta uso kwa kiganja. "Maswali haya nimewauliza watu miaka yote hii. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia yanachoma hivi."

"Tulikuwa tunakustahi," akasema bibi muuza udi.

Nikaandika: mzee mmoja wa Ibra apewe gharama za matibabu ya macho kutoka safu ya zaka. Nikasoma. Wote wakasema ndiyo, na yeye wa mwisho, kwa sauti ndogo.

Alifanyiwa jicho la kwanza Nizwa siku ya Jumanne. Binti yake alikaa naye usiku, na asubuhi mimi nikaomba ruhusa skuli nikaenda kumpokea zamu. Nilipoingia alikuwa ameshabanduliwa plasta, ameketi ukingoni mwa kitanda, jicho limemwiva jekundu. Nilikuwa njia nzima nimejiuliza sasa nimwite nani, na nilikuwa sijapata.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba." Akaniangalia. Akaniangalia muda mrefu, kuanzia paji la uso mpaka kidevu, akirudi juu tena, kwa namna ambayo mtu mwengine ningemkemea. "Mwalimu," akasema, "umezeeka lini?"

Nikacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Nikamwambia huo ndio utovu wa shukurani, nimeendesha gari toka alfajiri kuja kutukanwa. Yeye hakucheka. Alinyoosha kidole hewani, akafuata mistari ya uso wangu bila kunigusa.

"Huu haukuwepo," akasema. "Wala huu. Mara ya mwisho nilipokuona, huu haukuwepo."

Ndipo nikajua ni miaka mingapi hajauona uso wangu, na kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuniita mpaka kwanza nimwamkie, anijue kwa sauti. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na dirisha penye mwanga, ili aangalie vizuri.